Alama za Mwalimu wa Wodi ya Watoto

Jedwali la mwisho la hojaji lilipokamilika, mwalimu wangu alikuwa chini kabisa. Katika jedwali hilo walimu hawakuwa na majina. Kila mmoja nilimpa herufi, kama utaratibu wa utafiti unavyotaka. Lakini hospitali yetu ya Kindu haina walimu wengi kiasi cha herufi kuweza kumficha mtu, na mkuu wa kitivo aliitazama safu ya mwisho mara moja tu akasema, “Huyu ni mzee wa wodi ya watoto.”

Sikukubali wala sikukana. Nilimwambia kwamba uchambuzi haujaisha. Ilikuwa kweli, ingawa ilikuwa pia njia ya kujipatia muda wa kufikiri. Nami nikipewa muda wa kufikiri huutumia mpaka unaniumiza.

Kazi niliyokuwa nikiifanya kwa ajili ya shahada yangu ya uzamivu ilikuwa kupima ubora wa mrejesho, yaani yale maneno ambayo daktari mwalimu humwambia mwanafunzi aliye kwenye staji, mafunzo yake ya vitendo wodini, baada ya kumwona akimhudumia mgonjwa. Wanafunzi wetu wa udaktari hujifunza mengi zaidi kando ya kitanda kuliko darasani, na wanachojifunza hutegemea maneno hayo: kama yanasemwa, yanasemwa lini, na kama yanataja jambo lililofanyika au yanamtaja mtu tu kuwa mjinga. Nilitumia vipimo viwili. Cha kwanza kilikuwa hojaji iliyojazwa na wanafunzi, yenye sentensi za kukubali au kukataa kwa ngazi tano. Cha pili kilikuwa macho yangu mwenyewe: nilifuatana na walimu katika mzunguko wa asubuhi wa wodi, nikawapa alama kwa vigezo vilevile.

Mkuu wa kitivo hakuyataka matokeo hayo kwa udadisi. Kitivo kilikuwa kimempata bingwa kijana wa magonjwa ya watoto, aliyetoka masomoni karibuni, na wodi moja haiwezi kuwa na wasimamizi wawili wa staji. Alisema waziwazi, mbele yetu sote, kwamba kipimo changu kingemsaidia kuamua nani abaki na wanafunzi. Mzee alikuwa amewafundisha wanafunzi katika wodi ile tangu miaka ya vita. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wake wako mbali, na muda wa kustaafu aliupita bila mtu kuthubutu kumkumbusha. Kumwondolea wanafunzi kungekuwa kumwambia akae nyumbani.

Jambo la kunitatiza lilikuwa hili: hojaji ilimweka chini ya wote, na macho yangu yalimweka juu ya wote.

Nililazimika kujiuliza kama macho yangu yalikuwa yakimpima mwalimu wa leo au yule wa zamani, kwa sababu mimi ni mwanafunzi wake. Vita vilinikuta nyumbani Kindu, likizoni, njia ya kurudi chuoni ikakatika. Treni ya kusini haikuja tena. Chumvi iliuzwa kwa kijiko, na watu wa mitaa ya kando walikuwa wakiingia msituni na kutoka kufuatana na milio ya bunduki. Kwa vile chuo hakikufikika, niliomba kusaidia hospitalini pamoja na wenzangu wachache waliokwama kama mimi. Tulimkuta daktari wa watoto akiwa na mwenzake mmoja. Baada ya muda mfupi mwenzake aliondoka na familia yake, akabaki peke yake.

Asubuhi iliyofuata alituweka mbele ya mlango wa wodi akatwambia utaratibu mpya.

“Zamani nilikuwa na mwenzangu. Nikikosea, yeye anaona. Sasa niko mimi peke yangu, na daktari asiyekuwa na wa kumwangalia ni mubaya kuliko malaria. Kwa hiyo kila mugonjwa tukimaliza, mimi nitakuambia kosa yako, na weye utanirudishia yangu.”

Tulicheka. Mmoja wetu akauliza, “Na kama Docta hana kosa?”

“Kama haukuona kosa, basi haukuangalia. Utarudi kwa kitanda uangalie tena.”

Ilikuwa vigumu mno. Sisi tumelelewa kumwachia mkubwa neno la mwisho, na kama amepotoka, kumtafuta mjomba au shangazi wa kumwambia pembeni kwa niaba yetu. Siku za kwanza tulimrudishia makosa ya adabu tu: Docta amechoka, Docta hakunywa chai. Alitufukuza hadi kitandani kila mara.

Nakumbuka asubuhi ambapo utaratibu ule uligeuka kuwa kitu cha kweli. Mama mmoja alikuja kutoka upande wa Kailo na mtoto mwenye homa kali na degedege. Docta alimpima haraka, akaagiza kwinini, akaenda kitanda kingine. Mzani ulikuwa umeharibika, kwa hiyo uzito ulikisiwa. Tulipomaliza, aliniambia kosa langu: nilimshika mtoto kabla ya kumsalimu mama. Kisha akasema, “Nirudishie.”

Nilisema nikiangalia sakafu. “Docta, haukuuliza kama mutoto amekwisha kupata dawa huko walipotoka.”

Alinitazama, kisha akarudi kwa mama yule. “Mama, huko Kailo walimupiga sindano?”

“Walimupiga leo alfajiri, Papa Docta. Ile ya malaria. Nilijua unajua.”

Akafuta agizo, maana dozi ya pili ingemdhuru mtoto, akaandika jingine. Hakunishukuru. Aliwaambia wenzangu tu, “Mumesikia? Njo kazi yenu hiyo,” tukaendelea na mtoto aliyefuata, aliyekuwa akinyweshwa maji ya mchele yenye chumvi kidogo kwa sababu sukari ilikuwa imekwisha mjini. Tangu siku hiyo hakuna aliyemrudishia habari za chai.

Nimeyaeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyonifanya nichague somo la utafiti wangu miaka mingi baadaye, na kwa sababu hiyohiyo yalinifanya nijishuku. Mtafiti ambaye amempenda mmoja wa watu anaowapima anatakiwa kuyapima mapenzi yake pia, na hakuna chombo cha kuyapima.

Nilianza kwa kuzirudia hojaji. Za walimu wengine zilikuwa safi kupita kiasi. Ngazi ya tano kila mahali, na pale nilipoacha nafasi ya kuandika maoni, maneno yalikuwa yaleyale kwa mwandiko tofauti: “Alitufundisha vizuri sana, Mungu ambariki.” Bingwa kijana, ambaye alikuwa amesimamia kundi moja tu kwa majaribio, alibarikiwa na wote. Msaidizi aliyezikusanya aliniambia kwamba wanafunzi walizijaza wakiwa wamekaa kwenye benchi moja, mmoja akisoma sentensi kwa sauti, wengine wakiitikia “tano” kama watu walio katika sala.

Hojaji za mzee hazikufanana hata mbili. Mmoja alimpa mbili kwa kumheshimu mwanafunzi mbele ya mgonjwa, akaeleza kwamba alipaza sauti mama wa mtoto akisikia. Mwingine alimpa nne hapo, lakini moja kwa kufika kwa wakati. Wengi walimpa alama ndogo katika sentensi isemayo kwamba mwalimu alithibitisha nilichokiona au kukisikia kwa mgonjwa. Walikuwa wamefanya kile alichowazoeza kila asubuhi: walitafuta kosa, wakalirudisha.

Nilipoliona hilo, nilisimama kutoka kwenye kiti. Kipimo changu kilikuwa kimepinduka. Mwalimu aliyewafundisha wanafunzi wake kusema kweli ndiye aliyeambiwa kweli, na wale ambao hawakuwafundisha hivyo wamepewa baraka. Kadiri mrejesho wake ulivyokuwa bora, ndivyo alama zake zilivyoshuka. Niliandika hoja hiyo kwa uangalifu mkubwa, nikaijengea jedwali lake. Kisha nikaanza kuihofia, kwa sababu ilikuwa nzuri mno kwa mtu niliyetaka kumwokoa. Hoja inayomwokoa umpendaye haina budi kuulizwa maswali mara mbili ya hoja nyingine.

Kwa hiyo niliomba kuzungumza na kundi la wanafunzi waliokuwa wodini kwake wakati ule. Tulikutana kwenye varanda iliyo nyuma ya famasi, wanapokula ndizi za kukaanga na karanga kabla ya kazi za mchana. Msemaji wao alikuwa msichana mrefu wa mtaa wa Mikelenge, mwenye mdomo mwepesi, ambaye wenzake walimwita Hakimu.

Niliwauliza kwa nini alama zao kwa mzee zilikuwa ndogo.

“Ndogo?” alisema kijana mmoja. “Mama Docta, mimi nilimupa nne mara mbili! Kwa yule mzee nne ni zawadi ya harusi.”

Wakacheka. Nikauliza kuhusu walimu wengine.

Hakimu alijibu. “Mama Docta, tuseme kweli?”

“Ndiyo sababu nimekuja.”

“Wale wengine, nani atawaandikia kosa? Mutu ataangalia mwandiko, atakufelisha. Weye unaandika tano, unaenda kulala. Lakini kwa mzee, usiposema kosa yake, hapo njo anakasirika. Sisi tuliandika vile tunamuambiaka kila siku.”

“Kwa hiyo alama ndogo haina maana kwamba anafundisha vibaya?”

“Vibaya? Yeye?” Alinitazama kama mtu aliyetukaniwa mzazi. “Ni yeye peke yake anatufundisha.”

Nilikuwa nimepata nilichokitaka. Hoja yangu ilikuwa imethibitishwa kwa kinywa cha wanafunzi wenyewe, na ningeweza kuwashukuru nikaenda zangu. Lakini kulikuwa na ile sentensi moja ya hojaji, ya kuthibitisha alichosikia mwanafunzi, ambayo karibu wote waliipa alama ndogo bila kuandika maelezo. Mahali pengine popote walikuwa wameeleza. Nikauliza juu ya hiyo.

Yule kijana wa zawadi ya harusi akaanza kumenya karanga ambayo ilikwisha kumenywa.

“Hakimu, sema weye,” mmoja akanong’ona.

“Ju ya nini mimi?”

“Weye si njo Hakimu?”

Hakimu akanigeukia. “Mama Docta, iko kitu kimoja hatujamurudishia.” Akajigusa sikio. “Docta hasikii tena moyo. Maneno anasikia. Lakini akiweka stetoskopu kwa mutoto, hasikii zile sauti ndogo. Iko mutoto mmoja wa kule Pangi, baba yake ni muchimbaji. Sisi wote tulisikia sauti kwa moyo wake. Docta akasikiliza, akasema hakuna. Akaandika moyo ni muzuri. Kesho kutwa wanarudi kwao.”

Kilichonishtua hakikuwa habari ya mtoto peke yake. Nilikumbuka yale niliyoyaona katika mizunguko ya asubuhi. Wakati wa vita, Docta alikuwa akisikiliza, anasema alichosikia, kisha anamuuliza mwanafunzi. Siku hizi anasikiliza, anampa mwanafunzi stetoskopu, anasema, “Anza weye. Sema unasikia nini.” Mimi niliona badiliko hilo nikafurahi. Nilidhani amekomaa katika ualimu. Katika vigezo vyangu kuna kimoja cha mwalimu kumpa mwanafunzi nafasi ya kueleza kwanza, na hapo nilimpa alama kamili kila asubuhi. Alama zile zilizomweka juu ya wote nilizitoa kwa masikio yaliyokuwa yakizimika.

Na hoja yangu nzuri? Nilikuwa nikisema kwamba wanafunzi wake walimpa alama ndogo kwa sababu wao ni wakweli. Basi kama ni wakweli, ni lazima waaminiwe katika hili pia. Sikuweza kuuchukua ukweli wao unaomwokoa nikauacha ule unaomwangusha.

Nilitembea hadi nyumbani nikibishana na nafsi yangu. Niliwaahidi wanafunzi kwamba watakayosema yatakuwa siri. Lakini mtoto wa Pangi alikuwa anaondoka. Ningeweza kwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitivo. Hapo ningemhukumu mzee akiwa hayupo. Ningeweza kumwomba bingwa kijana amsikilize mtoto kimyakimya. Hapo mtoto angesaidiwa, na wale watakaokuja baada yake wasingesaidiwa. Kila njia niliyoifungua ilikuwa na mlango mwingine nyuma yake. Mwishowe niliona kwamba nilikuwa nikitafuta mjomba au shangazi wa kumwambia kwa niaba yangu. Hakuwapo.

Nilimkuta kwake alasiri, anapalilia mihogo nyuma ya nyumba, suruali imekunjwa hadi magotini. Alinipa kigoda, yeye akabaki amesimama na jembe.

“Mutoto yangu, umekuja na sura ya mutu anayedai.”

“Nimekuja na matokeo, Docta. Uko chini ya wote.”

“Chini kabisa?”

“Kabisa.”

Akacheka hadi akakohoa. “Hawa watoto! Mwaka huu wamekuwa wakali. Waliandika nini?”

Nilimweleza bila kumtaja mtu: anapaza sauti mbele ya mama, anachelewa, hangoji jibu. Kila moja alilipokea kwa kutikisa kichwa na kusema “ehe”. Nikamweleza pia hoja yangu, kwamba alama ndogo zilitokana na mafunzo yake mwenyewe, na kwamba ningeweza kuitetea mbele ya kitivo. Alisikiliza hiyo bila kusema “ehe”.

“Ni maneno ya akili,” alisema. “Lakini bado unazunguka. Tangu ulipokaa hapo, unaangalia chini kama siku ile ya mama wa Kailo. Nirudishie.”

Nikasema. Nilisema kwamba wanafunzi wanaamini hasikii tena sauti ndogo za moyo, kwamba mtoto wa Pangi ana sauti waliyoisikia wote, na kwamba mimi mwenyewe nilimpa alama kamili kwa jambo ambalo sasa sijui lilikuwa nini.

Alisimika jembe ardhini. “Nani aliku…” Akajikatiza. “Hapana. Usiniambie.” Akaangalia mihogo yake kwa muda. “Mimi nilifikiri ni stetoskopu imezeeka. Niliagiza nyingine.”

“Ikaja?”

“Ikaja. Nikasema hii nayo ni mbovu.”

Alinawa miguu, akaniambia nimtangulie hospitalini kesho asubuhi, na nimwombe bingwa kijana awepo.

Asubuhi hiyo wodi ilikuwa na harufu ya dawa ya sakafu na uji. Mtoto wa Pangi, msichana mdogo mwenye nywele zilizosukwa upya kwa ajili ya safari, alikuwa amekaa kitandani na mama yake. Mzee aliwasalimu, akamwomba mama ruhusa ya kumsikiliza mtoto tena, akamweleza kwamba watu kadhaa watamsikiliza kwa sababu madaktari nao husaidiana. Kisha akamwambia bingwa asikilize wa kwanza na asiseme kitu. Akaniambia mimi. Akamwambia Hakimu. Sauti ilikuwapo: ndogo, kama mtu apulizaye kijiko cha supu, kila pigo la moyo.

Alisikiliza yeye mwisho. Alisikiliza muda mrefu, macho amefumba, akahamisha stetoskopu, akasikiliza tena. Mtoto alianza kuchoka akashika ndevu za mzee, naye akafumbua macho.

“Mimi nasikia kimya,” alisema. Akamgeukia Hakimu. “Nirudishie.”

Hakimu alikuwa na machozi, lakini sauti yake haikutetemeka. “Docta, iko sauti. Hapa, chini ya ziwa la kushoto. Inaenda mpaka kwapani.”

Mzee akamtazama bingwa. Bingwa akakubali kwa kichwa.

“Tangu lini munajua kama sisikii?” aliwauliza wanafunzi.

Walitazamana. “Tangu tulifika, Docta,” alisema kijana wa karanga.

“Na hamukusema. Kila siku munaniambia viatu vyangu vina matope, munaniambia nimechelewa. Hii hamukusema.”

“Tunarudisha kosa, Docta,” Hakimu alijibu. “Hii haiko kosa.”

Nimekuwa nikiifikiria sentensi hiyo mara nyingi kuliko kitabu chochote nilichosoma kwa ajili ya shahada yangu, na bado sijui niiweke katika kigezo gani. Mzee hakuijibu. Alifuta alichokiandika kwenye faili la mtoto, akampa bingwa kalamu. Bingwa aliandika rufaa ya kwenda kupigwa picha ya moyo, akaketi na mama kumweleza taratibu kwa nini safari ya Pangi ingesubiri. Baba wa mtoto alipigiwa simu. Nilisikia mama akimwambia, “Hapana, hajazidiwa. Wamesikia kitu.”

Kikao cha kitivo kilifanyika wiki hiyohiyo. Nilieleza matokeo kwa mpangilio: hojaji, macho yangu, na kasoro ya kila kimoja. Nilieleza kwamba alama kamili za walimu wengine zilipima hofu ya wanafunzi zaidi ya ubora wa mwalimu. Nilieleza pia kwamba alama zangu kwa mwalimu wa wodi ya watoto hazifai, na nikataja sababu inayonihusu mimi tu: kwamba mwangalizi alikuwa mwanafunzi wake. Ile nyingine nilimwachia mwenyewe, kwa kuwa alikuwa amekaa pale, amevaa koti lake la sherehe.

Alisimama akaisema bila utangulizi. Kisha akaomba jambo moja: amalize staji na kundi hili, mioyo ya wagonjwa ikisikilizwa na bingwa.

Mkuu wa kitivo alikubali. Halafu akaanza, “Docta, sisi sote tunakushukuru kwa miaka yote ambayo…”

“Shukrani ni ya matanga,” mzee akamkatiza. “Mimi bado niko.”

Watu wakacheka, mkuu naye. Uamuzi uliandikwa: kundi litakalofuata litakuwa chini ya bingwa kijana. Mkuu akapendekeza, kwa heshima, kwamba safu ya mzee iondolewe kwenye jedwali, kwa kuwa sasa haina kazi na itamvunjia hadhi kitabu cha utafiti kikisomwa. Nilikuwa nikitafuta maneno ya kukataa yasiyomkosea adabu, lakini mzee alinitangulia.

“Ibaki. Watoto walifanya kazi yao.” Akamgeukia bingwa, aliyekuwa kimya muda wote. “Na weye, ndugu, alama zako ni nzuri mno. Ningekuwa weye, nisingelala.”

Bingwa alitabasamu, kisha tabasamu likamwisha. “Nimeziona,” alisema. “Silali.” Akaniuliza mbele ya wote kama ningekubali kufuatana naye wodini na kundi lijalo, na kama hojaji zinaweza kujazwa kila mwanafunzi peke yake, mbali na benchi. Nikasema inawezekana. Sikuahidi kwamba itatosha, maana sijui kama mwalimu anaweza kupewa alama ndogo za namna ile kabla ya kufanya kazi ya miaka ya kuzistahili.

Baada ya kikao nilimsindikiza mzee kwenye ua wa hospitali. Jua lilikuwa kali, na waendesha pikipiki walikuwa wakigombania abiria langoni. Nilitaka kumwambia kwamba nilihuzunika, kwamba sikuwa na uhakika kama nilitenda haki, na kwamba kipimo changu, hata kikirekebishwa, kingekuwa kimemfikisha palepale kwa njia ndefu zaidi. Nilitaka asipoteze neno hata moja, kwa hiyo nilimsogelea, nikapaza sauti, nikatamka kila silabi peke yake.

Alirudi nyuma akashika sikio.

“Usinipigie kelele, mutoto yangu. Maneno nasikia. Ni moyo tu.”

Kisha akageuka kuelekea wodini, kwa sababu wanafunzi walikuwa wakimngoja na mzunguko wa asubuhi ulikuwa umechelewa.